Cheti cha polisi peke yake hakilindi kambi ya watoto

Swali

"Shikamoo mama. Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Dodoma. Likizo ya Juni tumepanga kambi ya sayansi ya wiki mbili kwa wanafunzi 96 wa kidato cha pili na cha tatu, wasichana 52 na wavulana 44, wengi wao kutoka Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Watalala kwenye majengo mawili ya hosteli zetu. Majengo mengine wanachuo watakuwa bado wapo, wanafanya mitihani. Wasaidizi 24 ni wanachuo wanaojitolea. Uongozi umeniambia nikusanye vyeti vya tabia njema vya polisi na fomu za ridhaa za wazazi, basi. Profesa mmoja anayeheshimika sana amekataa kuhojiwa, anasema tunamdhalilisha. Je, cheti kinatosha? Zimebaki wiki saba."

Jibu

Marahaba, mwalimu. Hakitoshi.

Kikusanye, tena anza kesho, maana kupigwa alama za vidole na kusubiri majibu kunakula siku, na wiki saba ukitoa za maandalizi zinabaki chache. Gharama zake chuo kizibebe. Mwanachuo anayeishi kwa boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ukimwambia alipie mwenyewe ataahirisha mpaka siku ya mwisho, na siku ya mwisho utamwonea huruma umpokee bila cheti. Ila ukishavishika vyote 24 mkononi, ujue umejibiwa swali moja dogo tu: kwamba hao watu polisi hawana kumbukumbu yao ya jinai.

Tazama kumbukumbu hiyo inatokana na nini. Ili jina la mtu liingie humo kwa kumdhuru mtoto, kwanza mtoto awe alisema. Halafu mtu mzima aliyeambiwa awe aliamini. Ndugu wawe walikataa kuyamaliza kifamilia kwa ng'ombe wawili na kikao cha wazee. Kesi iwe ilifika kituoni, na isiwe ilifia njiani kwa kukosa shahidi. Wewe unaishi huku kama mimi, unajua kwenye kila hatua hapo zinaanguka ngapi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Waliowafanyia hayo tunaishi nao, tunasali nao, na wengi wao wakienda kuomba cheti leo watapewa kikiwa safi kabisa.

Nikupe mfano wa chuo, kwa kuwa wewe ni mtu wa chuo. Jerry Sandusky alikuwa kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Mwaka 1977 alianzisha taasisi ya kusaidia watoto wenye maisha magumu, na watu wakampenda kwa hilo. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika, uchunguzi ukafanyika, hakushtakiwa. Mwaka 1999 alistaafu ukocha lakini funguo na ruhusa ya kutumia majengo ya michezo akabaki nazo. Mwaka 2001 mtu alimwona na mtoto bafuni, akapeleka habari kwa wakubwa wake, wakubwa wakapelekeana wao kwa wao, na polisi hawakuambiwa. Miaka yote hiyo angeomba cheti cha tabia njema angekipata. Juni 2012 alipatikana na hatia kwa makosa 45 dhidi ya wavulana 10, akafungwa miaka 30 hadi 60. Mwaka 2017 aliyekuwa rais wa chuo na viongozi wenzake wawili nao walitiwa hatiani kwa kuhatarisha watoto. Walikuwa watu wasomi, wenye nia njema na chuo chao, na naamini kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayechukua hatua.

Baada ya hapo ndipo vyuo vingi vya Marekani vikaandika kanuni za watoto wanaoingia chuoni kwa kambi. Ukizisoma utaona uchunguzi wa jinai umo, lakini kurasa nyingi zinahusu mambo ya kawaida kabisa: nani yuko na nani, wapi, saa ngapi, na mtoto akisema, nani anapiga simu wapi. Hayo ndiyo nataka tuyaongee, kwa sababu ndiyo yanayolinda kambi saa nne usiku, wakati vyeti vyote vimefungiwa kabatini.

Nianze na watu. Kwa kila anayejitolea, zaidi ya cheti, chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakotoka, na wadhamini watatu, mmoja wao awe mtu aliyemwona akifanya kazi na watoto: mwalimu wa Sunday school, mwalimu wa madrasa, mkuu wa shule alikofanyia mazoezi ya kufundisha. Halafu wapigie mwenyewe. Usikubali barua peke yake, barua zote zinafanana. Kwenye simu uliza swali moja ninalolipenda: "Wewe binafsi ungemwachia mwanao alale kambini chini ya uangalizi wake?" Ukimya wa sekunde tatu kabla ya "ndiyo" usiupuuze. Uliza tena, polepole, kuna nini. Nimewahi kupata kila kitu kwenye ukimya wa namna hiyo.

Mwulize pia Mshauri wa Wanafunzi wa chuo chenu kama kuna malalamiko yoyote juu ya kijana huyo, hata yale ambayo hayakufika kamati ya nidhamu. Watu wa kwanza kujua tabia ya mtu ni wale waliowahi kumlalamikia wakaambiwa hawana ushahidi.

Kisha mahojiano ya ana kwa ana, ninyi wawili mkimhoji mmoja. Usimwulize kama anapenda watoto, kila mtu atasema anapenda. Mpe hali halisi. Binti wa miaka 15 anakuandikia WhatsApp saa tano usiku kwamba wewe ndiye unayemwelewa peke yako, utafanya nini? Umemkuta msaidizi mwenzako, rafiki yako wa chumba kimoja, amekaa na mtoto kwenye maabara mlango umefungwa, utamwambia nani, na lini? Kijana mzuri anaweza kujibu vibaya mara ya kwanza kwa kutojua, huyo utamfundisha. Wa kumwogopa ni anayesema ataongea na rafiki yake kimya kimya ili asimharibie jina.

Umri: asiwepo msaidizi wa chini ya miaka 18, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto naye, na utakuwa na mtoto anayelinda watoto. Wa zamu ya usiku mimi ningetaka wawe wametimiza 20 na kuendelea. Kati ya msichana wa 18 na mtoto wa 16 hakuna mamlaka, kuna urafiki, na urafiki una siri.

Na orodha yako usiiishie kwa hao 24. Umesahau wapishi. Umesahau walinzi wa kampuni wanaobadilishwa kila wiki bila ninyi kuambiwa, dereva wa coaster, mpiga picha, fundi bomba, yule kijana wa duka la ndani anayeuza vocha. Si wote utawahoji kwa saa nzima, huwezi. Ila kila mmoja atajwe kwa jina na aelezwe kanuni kwa mdomo kwa Kiswahili cha kawaida. Asiyehojiwa asiwe peke yake na watoto hata kwa dakika kumi. Na kampuni ya ulinzi iandikiwe kwamba kwa wiki hizo mbili walinzi wawe walewale.

Sasa hesabu. Viwango vya Chama cha Kambi cha Marekani kwa kambi za kulala ni mtu mzima 1 kwa watoto 8 wenye miaka 9 hadi 14, na 1 kwa 10 wenye miaka 15 hadi 18. Watoto wako wamechanganyika, tumia 8. Watoto 96 wanahitaji watu wazima 12 kila saa. Ukiwagawa 24 kwa zamu mbili unawamaliza wote, na kijana mmoja akipata malaria siku ya tatu tayari una pengo. Tafuta sita wengine, na kati ya hao wanawake wawe wengi, kwa kuwa jengo la wasichana ndilo kubwa. Wanaume wa akiba hawatakusaidia usiku kwenye jengo lile, hawataruhusiwa kuingia.

Kanuni ambayo ningekuomba uiandike kwa herufi kubwa ni hii: hakuna mtu mzima mmoja na mtoto mmoja mahali wasipoonekana na wengine. Haijalishi ni nani, haijalishi kwa nia gani. Mtoto akiugua usiku, watu wazima wawili wanampeleka zahanati. Mtoto akitaka kuongea jambo lake la ndani, mnakaa kwenye benchi uwanjani, watu wanawaona lakini hawawasikii. Masomo ya ziada yanafanyika mlango ukiwa wazi. Kwenye gari asibaki mtoto mmoja na dereva, hata kama nyumbani kwao ni njia moja, na bodaboda zisitumike kabisa kupeleka mtoto popote. Kanuni hii ina uzuri wa pili ambao vijana wako wataufurahia ukiwaeleza: inawalinda wao pia wasisingiziwe. Na ina uzuri wa tatu, mkubwa kuliko huo. Mtu mwenye nia mbaya ndiye atakayekuwa wa kwanza kutafuta sababu ya kuivunja, na kwa kuwa wengine wote wanaishika, ataonekana.

Sasa nenda kwenye majengo. Nenda mwenyewe, saa moja na nusu usiku, na tochi. Juni hapa kwetu giza linaingia mapema na upepo ni mkali, milango inajipiga, mtu akiita hasikiki. Kambi moja niliyoombwa kuikagua kwenye ukanda huu wa kati nilipewa mpango wa usalama wenye kurasa kumi na nne, umechapwa vizuri. Nikaomba tutembee. Mgao wa maji ulikuwa umeanza mchana, bafu hazitoki kitu. Wasichana walikuwa wanatoka mmoja mmoja na ndoo kwenda simtanki lililokuwa nyuma ya jengo, hatua kama themanini, taa imeungua, na kando yake kuna njia ya mkato wanayopita watu wa mtaani kwenda stendi ya bajaji. Nilisimama pale dakika ishirini. Walipita wasichana tisa. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejua kwamba hapo ndipo watoto walipo saa hiyo. Kwenye zile kurasa kumi na nne neno "maji" halikuwemo.

Kwa hiyo Dodoma panga ulinzi kwa kufuata maji. Ndoo zijazwe kabla ya saa kumi na moja jioni, tena zipelekwe ndani na wavulana wakiwa na wasimamizi kisha waondoke. Taa ya nje ibadilishwe wiki hii, usisubiri Juni. Usiku mtoto asitoke nje peke yake kwenda chooni kama choo kiko nje, watoke watatu, na msimamizi wa zamu asimame mlangoni akiwa macho. Angalia funguo: kwenye hosteli nyingi ufunguo unaofungua vyumba vyote unaning'inia kwenye msumari ofisini kwa mlinzi, na yeyote anayemfahamu mlinzi anaufahamu msumari. Uchukue, uuweke kwa matroni, uandikwe kwenye daftari kila unapotoka na kurudi. Wasimamizi wasilale chumba kimoja na watoto. Wapewe chumba cha kwanza karibu na ngazi, ambako kila anayepanda anapita mbele yao. Saa kumi na mbili jioni ikipita, hakuna mwanaume anayeingia jengo la wasichana, akiwemo wewe, isipokuwa kwa dharura na akiwa ameongozana na wanawake wawili.

Umesema majengo mengine yatakuwa na wanachuo. Hapo ningekuwa mkali kuliko ulivyotarajia. Kijana wa miaka 21 anayemaliza mtihani wake akimwona binti wa kidato cha tatu kantini anaweza kumwona kama mwenzake. Sheria haimwoni hivyo. Kanuni ya Adhabu inahesabu tendo la ngono na binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wake kuwa ni ubakaji hata kama alikubali, na tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Elimu anayempa mimba mwanafunzi wa shule anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwombe Mshauri wa Wanafunzi alitangaze hilo kwa maandishi na kwa mdomo kwenye mabweni yote kabla watoto hawajafika. Watoto wale kwa saa yao, wanachuo kwa saa yao. Vitambulisho vya kambi vivaliwe shingoni muda wote, ili asiyekuwa navyo ajulikane kwa mbali.

Simu. Kusiwe na mawasiliano ya binafsi kati ya msaidizi na mtoto, si WhatsApp, si Instagram, wakati wa kambi wala baada yake. Taarifa zote zipite kwenye kundi moja ambalo wewe na mwenzako mmoja mumo, na wazazi wenye simu wamo. Picha apige mtu mmoja aliyeteuliwa, kwa idhini ya mzazi iliyosainiwa, na picha ya mtoto isiwekwe mtandaoni na jina la shule na kijiji chake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa hapo, kama inavyokugusa kwenye fomu za afya utakazokusanya. Fomu inayosema mtoto ana selimundu au anatumia dawa za kila siku haiachwi juu ya meza ya mapokezi.

Juu ya viboko sina mengi: visiwepo. Kanuni za viboko zinamhusu mkuu wa shule na mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Kambi yako si shule, na wasaidizi wako si walimu wa watoto hao. Wala kuruka kichurachura, wala kunyimwa chakula.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado afisa ustawi wa jamii, niliitwa kwa kambi ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Aliyelalamikiwa alikuwa mtu aliyependwa kuliko wote pale. Alinunua pipi, aliwawekea watoto vocha, aliwapa lifti mjini. Karatasi zake zote zilikuwa safi. Binti wa miaka 14 alimwambia matroni siku ya nne ya kambi. Matroni, namshukuru, alimwamini, akamwambia mratibu. Mratibu akaita kamati. Kamati ilikaa, ikaahirisha, ikataka kusikia upande wa pili, ikamwita binti mara tatu kueleza upya mbele ya watu saba. Siku tisa. Kambi ikaisha, watoto wakatawanyika makwao, nguo zikafuliwa, na habari ilipotufikia sisi daktari hakuwa na cha kuona. Nilikaa na yule binti kwenye benchi nje ya ofisi yetu. Alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye pindo la sketi yake, anauzungusha kidoleni, anauachia. Akaniuliza, "Kumbe nilitakiwa kuwaambia nyie?"

Sijaacha kulifikiria swali lile. Kwa hiyo nakuomba, mwalimu, na ningepiga magoti kama ingesaidia: chuo chenu kisichunguze. Chuo hakina kazi ya kuamua kama ni kweli. Sheria ya Mtoto inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na kwa vitendo hiyo ni kwa afisa ustawi wa jamii. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Simu 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure. Anayeambiwa na mtoto apige yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, halafu ndipo akujulishe wewe. Asiombe ruhusa kwako, wewe usiombe kwa mkuu wa chuo. Liandike hilo kwenye kanuni kwa sentensi moja, na mkuu wa chuo asaini ukurasa huo, ili siku ya tukio kijana wa mwaka wa pili asiogope kwamba amemruka mtu.

Aliyetajwa anatoka kambini saa hiyohiyo mpaka vyombo vimalize kazi yao. Kumtoa si kumhukumu, na umweleze hivyo kwa heshima. Mtoto habaki kueleza mara saba: anaeleza mara moja kwa aliyemchagua, huyo anaandika maneno yaleyale ya mtoto bila kuyapamba, na maswali mengine yanasubiri wataalamu. Kama ni ukatili wa kingono, asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, na awahishwe hospitali, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo vizuri zaidi. Kabla ya kambi nenda ukajue Kituo cha Mkono kwa Mkono, yaani mahali ambapo mtoto anapata daktari, polisi na ustawi wa jamii pamoja, kilicho karibu nanyi kiko hospitali gani na usiku nani anapokea. Nenda kwa miguu yako, usiulize kwa simu.

Ujiandae pia kwa taarifa zisizohusu kambi. Mtoto akikaa siku sita mahali anapolala bila hofu anaanza kusema ya nyumbani. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ukeketaji wa mtoto ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, lakini bado kuna binti atakayekuambia kwamba bibi ameshapanga Desemba. Mwingine atakuambia mahari imepokelewa. Hao nao unawatolea taarifa kwa njia ileile, na usimrudishe mtoto nyumbani na barua ya kumwonya baba. Barua hiyo inaharakisha kile anachokiogopa.

Profesa wako. Mwende kwake ofisini, wewe na mtu wa rika lake, mkiwa na heshima zote anazostahili. Msimwambie kwamba mnamshuku, kwa kuwa hammshuku. Mwambieni kwamba vijana 30 wamehojiwa, mpishi amehojiwa, mratibu mwenyewe amehojiwa. Ndiyo, nawe uhojiwe, tena wa kwanza, na majibu ya wadhamini wako yawekwe kwenye jalada lilelile. Mkimruka yeye, kila kijana atajifunza kwamba kuna watu wasioguswa, na siku mtoto akimtaja mtu mkubwa hakuna atakayethubutu kupiga simu. Akikubali, mshukuruni hadharani, itawasaidia wengine. Akiendelea kukataa, atoe mhadhara wake wa ufunguzi ukumbini mbele ya watoto wote 96 na wasimamizi wote, ale chakula cha mgeni rasmi, aondoke kabla ya jioni. Asipewe kundi la watoto, asipewe chumba. Uongozi ukikulazimisha umpe, mimi nisingeendesha kambi hiyo, na ningewaandikia wazazi kwa nini imeahirishwa.

Wazazi wenyewe waite siku ya kuwaleta watoto, usiishie kwenye fomu. Wengi watakuja asubuhi na basi la kwanza, wamesimama wima njia nzima, na watasaini chochote mhadhiri atakachowapa kwa sababu wanakuamini kuliko unavyojua. Wasomee fomu kwa sauti. Waandike majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto siku ya mwisho, na hao waje na kitambulisho. Mjomba asiyeandikwa, hata awe mjomba wa kweli, anasubiri mama apigiwe.

Na jioni ya kwanza, kabla ya ratiba yoyote ya sayansi, wakusanye watoto. Usimpe kazi hii mgeni rasmi. Ifanye wewe na matroni, wasichana peke yao na wavulana peke yao, kwa sababu wavulana nao wanaumizwa na hawana lugha ya kulisema. Waambie: hapa hakuna mtu mzima mwenye ruhusa ya kukuita peke yako, kukushika usipotaka, kukutumia ujumbe wa siri, wala kukupa zawadi na kukuambia usiseme. Akifanya hivyo, hata kama ni mimi, mwambie huyu, au huyu, na uwaonyeshe kwa kidole watu watatu, wasimame waonekane nyuso, mmoja wao awe afisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri, asiye mtu wa chuo. Au piga 116. Waambie simu ya kupigia ipo kwa matroni na hawataulizwa wanampigia nani. Halafu namba hiyo iandike kwa kalamu nene na uibandike nyuma ya mlango wa kila choo, kwa urefu wa macho ya mtoto aliyekaa.